Mgonjwa wa Figo Akianza Kuweweseka Katikati ya Dozi: Mwongozo kwa Wanaomuuguza

Mgonjwa wa figo analazwa kwa nimonia na kuanzishiwa sindano za antibayotiki. Siku ya pili homa inashuka, kikohozi kinalegea, ndugu wanapata nafuu na wao. Siku ya nne anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake, mikono inarukaruka, vidole vinaokota vitu kwenye shuka ambavyo hakuna mwingine anayeviona. Maelezo hayakosekani wodini: malaria imepanda kichwani, sumu ya figo imepanda kichwani, uzee, majini. Mawili ya kwanza yanaweza hata kuwa kweli. Kisichotajwa ni ile dawa anayochomwa asubuhi na jioni.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa mwenyewe na wa yule ndugu anayelala naye hospitalini au anayempa vidonge nyumbani. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakupa maneno ya kumwambia na mambo ya kumwonyesha, kwa sababu kuna taarifa moja ambayo wewe unayo na yeye mara nyingi hana: mgonjwa huyu alikuwaje juzi. Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye boksi ili uweze kulinganisha.

Kwa nini figo, kwa nini ubongo

Antibayotiki nyingi hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Chukua cefepime, sindano ya hospitali kubwa: takriban asilimia 85 yake hutolewa na figo ikiwa kama ilivyoingia. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa hiyo huwa imekwisha kwenye damu baada ya saa 2 hivi. Kwa anayeishi kwa mashine ya kusafisha damu, nusu hiyo huchukua zaidi ya saa 13. Akipewa dozi ya mtu mzima wa afya kila baada ya saa 8, ya pili inaikuta ya kwanza bado ipo, ya tatu inazikuta zote mbili, na kufikia siku ya tatu au ya nne damu imejaa.

Penisilini, sefalosporini (kama cefepime na ceftriaxone) na karbapenemu, ambazo ni jamaa moja, zikizidi huzuia kazi ya GABA, kemikali inayoutuliza ubongo. Ni gari lililokatika breki: seli za ubongo zinafyatuka ovyo, misuli inashtuka, akili inavurugika, mwisho degedege. Mgonjwa wa figo ana mzigo mwingine juu ya huo. Uchafu uliorundikana kwenye damu hulegeza kinga inayoutenga ubongo na damu, na protini ya albumini ikishuka, sehemu kubwa zaidi ya dawa hubaki huru kupenya. Ndiyo maana hata dozi iliyopunguzwa sawasawa huwapata baadhi yao.

Hatua ya 1: Pata namba ya figo, na iwe ya karibuni

Kukojoa vizuri si kipimo. Wapo wanaokojoa mara nyingi kuliko wewe, na figo zao zinachuja kidogo sana.

Karatasi ya maabara huwa na kreatinini, kwa kawaida katika µmol/L, na maabara nyingine huandika pia eGFR, yaani makadirio ya mililita zinazochujwa kwa dakika. Kwa mtu mzima mwenye afya hukaribia au huzidi 90. Dawa nyingi za kundi hili huanza kupunguzwa namba ikishuka chini ya 50, na chini ya 30 kila dozi inahitaji kuangaliwa upya.

Kreatinini ikisomwa peke yake hudanganya, hasa kwa wazee waliokonda, maana hutokana na misuli, na mwenye misuli kidogo huitoa kidogo. Fomula ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976 bado ndiyo msingi wa vitabu vingi vya dozi. Chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito katika kilo, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke au 1.23 kwa mwanamume, kisha gawanya kwa kreatinini. Bibi wa miaka 70, kilo 50, kreatinini 150: 70 × 50 × 1.04 ÷ 150, jibu ni 24, yaani mililita kwa dakika. Anayeitazama 150 peke yake atasema imepanda kidogo tu. Kumbe bibi huyu amebakiwa na robo hivi ya uchujaji wa kijana, na dozi ya kijana itamzidi. Kama maabara imeandika kwa mg/dL, zidisha kwanza kwa 88.4.

Majibu ya mwaka jana hayafai. Kuharisha, kutapika, homa kali au diclofenac ya mgongo vinaweza kuziangusha figo dhaifu ndani ya siku mbili, na kreatinini yenyewe huchelewa kupanda. Ikiwa inapanda kila siku, fomula nayo haina maana tena. Figo ziko chini kuliko inavyoonyesha.

Hatua ya 2: Zitaje figo kila dawa inapotolewa, kwa sentensi iliyokamilika

"Ana figo" haitoshi. Anayesikia anaweza kudhani ni maumivu ya kiuno. Sema hivi, dukani au wodini:

"Samahani daktari, mama ana ugonjwa sugu wa figo, eGFR yake wiki hii ni 24, ana kilo 50. Anasafishwa damu Jumanne na Ijumaa. Aliwahi kupata kiharusi. Dozi hii imepangwa kwa figo zake?"

Taja kiharusi cha zamani, kifafa, au ugonjwa wowote wa kichwa, kwa sababu ubongo uliokwisha kuumia huathirika haraka zaidi. Taja na dawa nyingine zote, za pumu zikiwemo. Sababu utaiona mbele.

Siku za mashine nazo ni muhimu. Dawa nyingi za kundi hili huondolewa na mashine, kwa hiyo hutolewa baada ya kusafishwa damu. Akichomwa asubuhi na kuingia mashine mchana, sehemu kubwa imemwagwa na maambukizi yanabaki bila dawa. Kuna jambo lingine ambalo sioni likisemwa vya kutosha: vitabu vya dozi humfikiria mgonjwa anayesafishwa mara 3 kwa wiki, wakati kwetu wengi huenda mara 2, na nauli au malipo yakikosekana huruka hata hiyo. Mgonjwa aliyeruka mashine ana dawa nyingi zaidi mwilini kuliko kitabu kinavyodhani. Mwambie daktari ukweli, hata kama sababu ni fedha na unaona haya.

Usiogope dozi ya kwanza ikiwa kubwa. Mara nyingi haipunguzwi, kwa sababu mwili bado hauna dawa na bakteria wanahitaji kupigwa mapema. Zinazopunguzwa au kutenganishwa kwa saa nyingi zaidi ni zile zinazofuata. Maambukizi huwaua wagonjwa wa figo, na dozi ndogo mno nayo ni kosa.

Hatua ya 3: Soma jina kwenye boksi

Anza na sindano. Cefepime ndiyo yenye sifa mbaya kuliko zote. Mwezi Juni 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kukusanya taarifa za wagonjwa 59 waliopata kifafa kisicho na mtikisiko wakiwa kwenye dawa hiyo. Kwa 56 kati yao, dozi haikuwa imerekebishwa kulingana na figo. Kwa mgonjwa wa mashine, maelekezo ya kawaida ni gramu 1 siku ya kwanza, kisha miligramu 500 kwa siku, na siku za mashine itolewe baada ya kusafishwa. Ukisikia gramu 2 mara tatu kwa siku kwa mtu wa figo, uliza hapo hapo.

Ceftriaxone ndiyo tunayokutana nayo zaidi, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa. Kwa kuwa sehemu yake hutoka kwa nyongo, kwa kawaida haipunguzwi kwa figo peke yake, na hilo limewafanya wengi waione haina neno. Hata hivyo kuna wagonjwa wa mashine walioripotiwa kuchanganyikiwa nayo, hasa kwa dozi kubwa za kila saa 12. Ini likiwa bovu pamoja na figo, isizidi gramu 2 kwa siku.

Penisilini ya sindano, ile watu wa wodini wanaiita X-pen, na ampicillin huleta degedege zikizidi. Vidonge vya amoxicillin ni salama zaidi, ila navyo hupunguzwa eGFR ikishuka chini ya 30, na kile kidonge kikubwa cha amoxicillin miligramu 875 chenye clavulanic acid 125 hakitumiki kabisa chini ya hapo. Katika karbapenemu, imipenem inaongoza kwa degedege. Meropenem ni pole zaidi, lakini ina mtego wake: hushusha sana kiwango cha valproate, dawa ya kifafa, kwenye damu, na mwenye kifafa aliyetulia kwa miaka anaweza kuanguka tena. Ertapenem, kwa wagonjwa wa mashine, imeleta weweseko hata kwa dozi iliyopunguzwa.

Ciprofloxacin na levofloxacin. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu cipro hununuliwa kama peremende. Kila homa ni taifodi, kila kiuno ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa ya vyote viwili dukani ni cipro. Kwa mgonjwa wa figo inaweza kuleta kukosa usingizi, wasiwasi, kuona vitu, degedege, na ganzi au kuwaka moto kwa mikono na miguu, tena ganzi hiyo inaweza kubaki baada ya dawa kuisha. Kwa eGFR ya 5 hadi 29 dozi ya kawaida ni miligramu 250 hadi 500 kila saa 18, na kwa mgonjwa wa mashine kila saa 24, baada ya kusafishwa. Aliyeandikiwa 500 mara mbili kwa siku bila kuulizwa figo amepewa dozi ya mtu mwingine.

Cipro haikai vizuri na dawa nyingine. Ikitumiwa pamoja na diclofenac au dawa za maumivu za jamii hiyo, uwezekano wa degedege huongezeka. Huzuia ini kuondoa aminophylline na theophylline za pumu, na hizo zikijaa huleta degedege zenyewe. Pamoja na glibenclamide, kidonge cha kisukari, hushusha sukari hadi mgonjwa anapoteza fahamu, na glibenclamide yenyewe hukawia mwilini figo zikiwa dhaifu. FDA iliongeza onyo juu ya sukari na akili kwa dawa hizi mwaka 2018. Halafu kuna upande wa pili: vidonge vya calcium carbonate ambavyo wagonjwa wengi wa figo humeza na chakula huikamata cipro tumboni isifyonzwe. Imezwe saa 2 kabla ya calcium au saa 6 baada yake.

Metronidazole, maarufu kama Flagyl, huvunjwa na ini, lakini mabaki yake hurundikana figo zikishindwa. Siku tano za kuhara si tatizo. Tatizo ni wiki nyingi, kwa mfano mwenye jipu la ini au anayerudia dozi kila tumbo linapouma. Ishara zake ni za pekee: ulimi mzito, mwendo wa kuyumba, mtu anaonekana amelewa na hajaonja kitu. Miguu nayo huanza ganzi kwenye vidole na kupanda. Ikigundulika, wengi hurudi sawa, ingawa ganzi huchelewa.

Gentamicin, amikacin na streptomycin hushambulia sikio la ndani na figo kwa pamoja, na kinachopotea sikioni mara nyingi hakirudi. Watu hungoja masikio yavume. Gentamicin, hata hivyo, huua zaidi sehemu ya mizani kuliko ya kusikia, kwa hiyo ishara ya kwanza inaweza kuwa kuyumba gizani, kushika ukuta njiani kwenda msalani usiku, au maandishi kurukaruka mgonjwa anapotembea. Inaweza kujitokeza hata baada ya sindano kuisha. Furosemide, dawa ya kukojosha, huongeza hatari, na wagonjwa wengi wa figo wanaitumia. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamycin na capreomycin kwa kifua kikuu sugu mwaka 2018, na uziwi ni mojawapo ya sababu.

Nitrofurantoin kwa UTI: kwa mwenye eGFR chini ya 45 kwa kawaida haifai. Haifiki vya kutosha kwenye mkojo kuua bakteria, huku ikijaa kwenye damu na kuumiza neva za miguu. Mgonjwa anapata hasara mbili kwa bei ya moja.

Dawa za kifua kikuu nazo ni antibayotiki, na hapa si suala la kuacha bali la kupanga. Isoniazid huleta ganzi na kuwaka moto kwa nyayo, na mgonjwa wa figo yuko kwenye hatari zaidi, kwa hiyo lazima apewe pyridoxine, yaani vitamini B6, kila siku. Kama hayumo kwenye B6, dai. Ethambutol hutoka kwa figo na ikijaa huumiza mshipa wa macho: rangi nyekundu na kijani zinafifia kwanza, kisha maandishi. eGFR ikiwa chini ya 30, ethambutol na pyrazinamide hutolewa mara 3 kwa wiki badala ya kila siku, wakati rifampicin na isoniazid huendelea kila siku. Vidonge vyetu vya mchanganyiko vina zote nne ndani, hivyo kliniki italazimika kuzitenganisha. Usizitenganishe mwenyewe. Kwa kifua kikuu sugu, cycloserine huvuruga akili na linezolid huumiza neva na macho.

Moja si antibayotiki, ila inafanana mno na hizi kuiacha nje: aciclovir ya mkanda wa jeshi. Dozi ya kawaida ni miligramu 800 mara 5 kwa siku. Kwa mgonjwa wa mashine ni 800 mara 2 tu. Anayepewa ile ya mara 5 anaweza kuanza kuona watu ukutani ndani ya siku mbili au tatu.

Unapoomba mbadala, doxycycline na azithromycin kwa kawaida hazihitaji kupunguzwa kwa ajili ya figo. Kama zinafaa kwa ugonjwa alionao, hilo ni la daktari.

Hatua ya 4: Andika tarehe, kisha mtazame

Kwenye daftari la mgonjwa andika dawa, dozi, siku na saa ya kuanza. Ikitokea ishara, andika siku na saa yake. Mistari hiyo miwili ina uzito kuliko hotuba ndefu utakayompa daktari, kwa sababu muda ndio unaotofautisha.

Mwaka 2016 madaktari nchini Marekani walipitia taarifa za wagonjwa 391 waliovurugikiwa akili kwa antibayotiki, wakaona sura tatu. Penisilini na sefalosporini huja ndani ya siku chache, na misuli kushtuka au degedege, hasa kwa wenye figo mbovu. Jamaa ya cipro na nyingine kama clarithromycin huja pia ndani ya siku chache, lakini kwa kuona na kusikia visivyokuwepo. Metronidazole huja baada ya wiki, kwa kuyumba na ulimi mzito.

Kila asubuhi na jioni mfanyie vipimo vidogo visivyo na gharama. Muulize leo ni siku gani. Mwambie ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama mbele kama anayesimamisha daladala kwa mikono miwili: viganja vikianguka na kuinuka vyenyewe, ubongo umesumbuka, iwe kwa dawa au kwa uchafu wa figo. Mpe kalamu aandike jina lake na ulinganishe na la jana. Mzee aliyeswali miaka yote akianza kupotea kwenye Al-Fatiha, au bibi akichanganya wimbo wa kanisani anaoujua tangu utoto, usiseme ni uchovu.

Anayepiga kelele na kuvua nguo ataonwa na kila mtu. Wa kuhofia ni mkimya. Macho yako wazi, hajibu au anajibu neno moja lile lile, kope zinapepesa, mdomo unachezacheza. Ndugu wanasema leo amepumzika. Huyo anaweza kuwa ndani ya kifafa kisicho na mtikisiko, kilekile cha onyo la 2012.

Hatua ya 5: Ishara ikionekana

Pima sukari kwanza. Insulini na vidonge vya kisukari hukaa muda mrefu mwilini figo zikiwa dhaifu, na sukari iliyoshuka hufanana kabisa na kuchanganyikiwa, ila hutibika kwa dakika. Kama hana mashine ya kupimia na anaweza kumeza, mpe kinywaji chenye sukari mkiwa njiani. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu.

Mdomo ukipinda au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, mchukulie kama kiharusi. Hapo usianze kufikiria antibayotiki.

Kama yuko nyumbani, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya dozi inayofuata, na beba kila boksi, hata la dawa ya kienyeji. Kwa cipro na levofloxacin maelekezo ni kuacha mara moja ukiona ishara za akili au neva na kumwona daktari. Kwa ethambutol na macho, ni kliniki ya kifua kikuu siku hiyo hiyo. Kwa nyingine, kosa kubwa ni kuacha kimyakimya na kubaki nyumbani: weweseko linaweza kupungua huku maambukizi yakipanda, na wiki ijayo unamrudisha akiwa hoi. Dua na maombi havizuiwi. Vifanyike garini.

Akipata degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikizidi dakika 5, au ikija ya pili kabla hajazinduka, ni dharura.

Hatua ya 6: Hospitalini, uliza moja kwa moja

"Daktari, tangu juzi amebadilika. Sindano hii alianza Jumatatu, na eGFR yake ni 24. Inawezekana ni dawa?"

Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Daktari wa zamu ana wodi nzima na hakumwona mgonjwa wako akiwa mzima. Atakachohitaji kuondoa ni malaria, homa ya uti wa mgongo, chumvi ya sodiamu kushuka, kiharusi, uchafu wa figo na maambukizi yenyewe kusambaa. Picha ya CT ya kichwa mara nyingi hutoka safi katika sumu ya dawa, kwa hiyo majibu safi hayaiondoi. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, ndicho kinachokiona kifafa cha kimya, lakini kiko hospitali chache. Kisipokuwepo, kubadilisha dawa ni kipimo pia: wengi wa kundi la sefalosporini huanza kurudi ndani ya siku 2 au 3 baada ya kuiacha.

Ombi lako liwe kubadilisha dawa au kurekebisha dozi, si kuacha matibabu. Kwa aliye na tundu la mashine, kusafisha damu mapema husaidia. Kikao cha saa 3 huondoa takriban theluthi mbili ya cefepime iliyomo mwilini.

Na hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Mgonjwa anachanganyikiwa, anapelekwa mashine, anatoka akizungumza vizuri. Wote wanakubaliana: ilikuwa uchafu wa figo. Lakini mashine imetoa uchafu pamoja na dawa. Jioni anachomwa dozi nyingine, na kesho yake anaanza tena kuita marehemu. Akizinduka baada ya mashine na kupotea tena baada ya sindano, waonyeshe daftari lako lenye saa.

Tahadhari na sindano za kutuliza. Mgonjwa akichomwa ili alale, wodi inatulia, na ishara zote zilizoandikwa juu hapa zinafichika huku dawa yenye kosa ikiendelea kuingia. Kama ni lazima, uliza pia nini kinafanywa kuhusu chanzo.

Hatua ya 7: Akishazinduka

Andika kwenye kadi yake jina la dawa, dozi, eGFR ya siku hiyo, kilichotokea na siku ya ngapi. Usiandike tu kwamba ana mzio. Mzio ni vipele, kuvimba uso, kubanwa pumzi, na anayeusoma atamnyima jamaa nzima ya penisilini maisha yake yote, hata siku ambayo ndiyo pekee ingemwokoa. Kilichompata ni dawa kuzidi mwilini. Andika hivyo hivyo.

Kama ilikuwa gentamicin au nduguye, aombewe kipimo cha masikio hata akidai anasikia. Kama ni ganzi, mkague nyayo kila siku, hasa mwenye kisukari, kwa sababu atakanyaga msumari asijue. Aliyepata degedege asiendeshe bodaboda wala kupanda juu ya paa hadi daktari aseme, na aulize kama dawa ya kifafa aliyoanzishiwa ni ya wiki chache au ya kudumu. Kwa wengi, chanzo kikishaondoka, haihitajiki tena.

Mwisho omba tukio liripotiwe. Tanzania taarifa za madhara ya dawa hupokelewa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board, bodi inayosimamia dawa, na mgonjwa au ndugu anaruhusiwa kuripoti mwenyewe. Utahitaji jina la dawa na namba ya toleo iliyo ubavuni mwa boksi au chupa, kwa hiyo usiitupe.